Barabara ya Bafwasende: Daftari Kabla ya Nguzo

Msafiri anayetaka kuelewa habari ya umeme wa mji wa Bafwasende, nchini Kongo, kabla hajashika barabara ya mashariki, afadhali aanzie kaskazini mwa Kisangani, kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Ndiko nilikoanzia mimi. Hapo kipo kituo cha kufua umeme kilichojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, mji ungali ukiitwa Stanleyville, na leo ni mali ya SNEL, shirika la umeme la taifa. Mashine zake ni tatu, na zikizunguka zote hutoa karibu megawati 19. Mto haujawahi kugoma. Kinachogoma ni vyuma, na kwa miaka mingi imekuwa nadra kuziona zote tatu zikifanya kazi siku moja. Jiji limepita watu milioni moja, na mkazi wa Kisangani hulijua neno delestaje, yaani mgao wa umeme, zaidi ya anavyolijua neno kilowati. Lotiliki ikikatika, kama wauitavyo umeme kwa Kilingala, mabomba ya Regideso, shirika la maji, nayo hukauka, kwa kuwa pampu za maji zinategemea umeme huohuo. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji, watu walikosa taa na maji kwa pamoja. Nimeanza hapa kwa sababu moja. Jibu linalotolewa kila mara kuhusu giza la Bafwasende ni umbali: kilomita 260 hivi kutoka Kisangani, msitu kushoto, msitu kulia. Lakini mitaa iliyo chini ya pua ya kituo cha Tshopo haina umbali wa kusingizia. Mto upo, mashine zipo, waya upo, wateja wapo, na taa bado zinazimika. Sababu, basi, haiwezi kuwa umbali peke yake.

Sababu hiyo nyingine inaanza kuonekana ukiitazama SNEL ilivyozaliwa. Shirika liliundwa mwaka 1970, enzi za Mobutu, na mtoto wake wa kwanza alikuwa bwawa la Inga, kule magharibi kabisa. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, ya pili mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Katikati ya hapo SNEL ilizimeza kampuni za umeme zilizoachwa na wakoloni, kisha ikapokea kutoka Regideso kazi ya kuwasha miji ya ndani, mingi ikiwa na jenereta za mafuta, au magrupu kama zinavyoitwa huku. Kazi iliyobeba fedha na fahari, hata hivyo, ilikuwa njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyojengwa ili migodi ya shaba ya jimbo la Shaba, yaani Katanga, ipate nguvu na jimbo hilo lililowahi kujitenga lisitoke tena mkononi mwa Kinshasa. Njia hiyo ilipita juu ya vijiji visivyohesabika bila kuviangazia hata kimoja, wala haikuwa hila ya fundi. Umeme ule ni wa mkondo mnyoofu, wa volti laki kadhaa. Haushushwi kwa transfoma ya kawaida ya kijijini, unahitaji kituo kizima cha kuugeuza, na hakuna anayejenga kituo kama hicho kwa ajili ya kijiji cha mihogo. Uamuzi wa nani atapata taa ulikwisha kufanyika kwenye mchoro, kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Ndiyo maana sioni faida ya kuilaumu SNEL kana kwamba ni mtoro aliyeacha kazi vijijini. Kazi hiyo haikupewa kamwe. Ilipewa jina la taifa, ikapewa na kazi ya migodi na miji mikubwa, na magrupu ya miji midogo yakabaki yakingoja mafuta kutoka makao makuu. Mafuta yalipoacha kuja, yalinyamaza.

Kutoka Kisangani barabara ya taifa namba 4 inaelekea mashariki, na hapo msomaji wa ramani huanza kukutana na majina yanayofanana: Bafwaboli, Bafwasende, Bafwabalinga. Sikio la Kibantu linaweza kushtuka, likidhani ni barabara ya waliokufa. Ni nchi ya Wabali tu, na vijiji vyao vimekaa kwa mstari, nyumba moja moja, kuku na watoto mbele, migomba nyuma, kisha msitu. Mstari huo si tabia ya Wabali. Utawala wa kikoloni ndio uliowatoa watu ndani ya msitu na kuwapanga kando ya barabara ili iwe rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwatuma kazi. Nalitaja jambo hili kwa sababu linabadilisha hesabu ya umeme. Kijiji kilichojikusanya kama kichuguu hupata taa kwa waya mfupi; kijiji kilichonyooka kama kamba hula kilomita ya waya kwa nyumba chache. Mhandisi wa mjini akiona hivyo hufunga kitabu. Lakini dunia imekwisha kukutana na tatizo hili. Katika miaka ya 1920 huko New Zealand, mhandisi Lloyd Mandeno alisambaza umeme wa mashambani kwa waya mmoja tu, ardhi yenyewe ikiwa njia ya kurudishia mkondo, na mtindo huo ukaenea katika nchi zenye mashamba yaliyotawanyika. Ardhi yenye unyevunyevu mwaka mzima, kama ya huku, kwa kawaida hupitisha mkondo vizuri kuliko jangwa. Nguzo zinapungua, waya unapungua, na barabara iliyopangwa kwa ajili ya mtoza kodi inaweza kuwa mkondo wa taa.

Barabara yenyewe ni somo la pili, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza. Katika miaka iliyofuata vita ilikuwa imefungwa na msitu kiasi kwamba baiskeli ndiyo iliyokuwa lori. Kisha ukaja mradi wa Pro-Routes, kwa fedha za Benki ya Dunia na za Uingereza, barabara ikafunguliwa, malori yakarudi. Kilichofuata kinajulikana kwa kila dereva wa njia hii. Barabara ya udongo katika nchi ya mvua haiishi kwa sababu ya walioijenga. Inaishi kwa sababu ya kamati za vijiji zilizopewa majembe na ujira wa kusafisha mitaro, na kwa sababu ya vizuizi vya mvua vinavyolazimisha lori kusubiri udongo ukauke. Ujira ukichelewa, mtaro unaziba. Mtaro ukiziba, maji yanachagua njia yao wenyewe. Na baada ya misimu michache fedha nyingi zilizomwagwa ardhini zinakuwa shimo la kuzamisha ekseli. Hakuna anayesema barabara ilikufa kwa kukosa udongo. Ilikufa kwa kukosa malipo madogo ya kila mwezi kwa mtu anayejulikana kwa jina. Umeme unakufa vivyo hivyo, isipokuwa kwamba kifo chake kina haraka zaidi.

Bafwasende yenyewe imekaa kwenye mto Lindi, nayo ni makao makuu ya teritori yenye ukubwa wa kilomita za mraba 47,000 hivi, eneo linalokaribia Rwanda mbili, likiwa na watu wachache mno kwa ukubwa huo. Hapa jua likizama, mwanga unaoonekana ni wa tochi, wa simu, wa plaki za jua juu ya mabati machache, na wa grupu la mwenye uwezo. Kinachoudhi ni maji. Lindi inapita hapo, inashuka magharibi kuelekea mto Kongo, na inakutana na Tshopo karibu na Kisangani, baada ya Tshopo kuwa imekwisha kuzungusha mashine zake. Mito miwili ndugu: mmoja ameajiriwa tangu miaka ya 1950, mwingine hajawahi kuulizwa. Na hesabu ya maji si siri ya wataalamu. Mita moja ya ujazo ya maji kwa kila sekunde, ikianguka mita kumi, ni kilowati 98 kwenye karatasi. Ukitoa hasara za bomba, turbini na waya, baki na 60 au 70. Chukua kijito cha namna hiyo, ambacho katika nchi hii ya mvua hakihitaji kutafutwa mbali, ugawe wati 100 kwa kila nyumba, na una taa, redio na simu za nyumba 600. Mchana, watu wakiwa mashambani, nguvu ileile inasaga mahindi na mihogo na kupasua mbao.

Hesabu hii ni tamu, na ndiyo mtego. Wafadhili, wanasiasa na wahandisi huishia hapo hapo, kwenye mita za ujazo na kilowati, kisha hukata utepe. Hoja yangu ni kwamba umeme wa kijijini hauanzii kwenye maji wala kwenye nguzo. Unaanzia kwenye daftari: nani ni mteja, anatumia kiasi gani, analipa nini, fedha inalala wapi, na nani atapanda nguzo kesho asubuhi mti ukiangukia waya. Bafwasende haijakosa mto. Imekosa shirika, nalo si lazima liwe kubwa. Kama daftari lingekuwa jambo dogo, Tshopo isingesuasua. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wateja wa SNEL hawakuwa na mita. Walitozwa kwa forfe, yaani kiwango kimoja kila mwezi hata uwashe jiko la umeme usiku kucha. Anayetumia kidogo anamlipia anayetumia sana, na wote wawili hawana sababu ya kuzima. Juu ya hapo, ofisi za serikali, kambi na taasisi zake zimekuwa wadaiwa sugu wa SNEL kwa miongo. Bei ikawekwa kwa siasa, chini ya gharama. Shirika likabaki na fedha ya mishahara, likakosa ya vipuri. Mashine moja ikisimama hubaki imesimama, na nyingine mbili hubeba mzigo wa tatu hadi nazo zichoke.

Mfano wa kinyume chake haukuhitaji kutoka Ulaya. Urambo, mkoani Tabora, ulikuwa mji mdogo wa Tanzania usiofikiwa na gridi. Mwaka 1993 wakazi wake waliunda ushirika wa watumiaji wa umeme, wakisaidiwa na TANESCO, shirika la umeme la nchi hiyo, na watafiti wa Stockholm, na mwaka uliofuata wakaanza kuwasha mji kwa jenereta za dizeli. Hawakuwa na mto hata mmoja wa kujivunia; walichoma mafuta ghali, tena yaliyosafirishwa. Walifanya nini? Waliwasha kwa saa chache za jioni badala ya siku nzima, walijipangia bei yao wenyewe, kubwa kuliko ya TANESCO, na wanachama wakailipa kwa sababu walijua inakwenda kununua mafuta ya wiki ijayo. Bei ilipolazimika kupanda, waliopandishiwa ndio waliokuwa kwenye mkutano. Ushirika huo ulikuwa na matatizo yake, ya mafuta na ya mashine kuukuu, lakini ulidumu miaka, huku magrupu mengi ya serikali katika miji ya namna hiyo Afrika nzima yakigeuka vyuma chakavu. Ninaposema shirika la umma la Bafwasende, basi, nina maana ya kitu cha ukubwa wa Urambo: cha umma kwa kuwa ni mali ya wakazi na sekta zao, na kwa kuwa hesabu zake zinabandikwa ukutani, lakini si cha Kinshasa. Sheria haizuii. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, ikaweka msingi wa mamlaka ya udhibiti, ARE, na wa wakala wa umeme wa vijijini, ANSER. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 48 kinamhakikishia kila mtu haki ya maji safi na umeme. Haki hiyo kwa sasa inawafikia takriban mtu mmoja kati ya mia katika vijiji vya Kongo.

Kuna watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni umaskini: mtu wa Bafwasende atalipa nini? Jibu ni kwamba analipa tayari, tena bei mbaya. Ananunua betri za tochi, analipa kwenye ligablo, kile kibanda cha duka, ili simu ichajiwe, anasagisha kwa mashine ya mafuta yaliyokuja kwa lori kutoka mbali, na mwenye grupu anamwaga petroli ambayo kila kilomita ya barabara imeiongezea bei. Fedha hiyo ipo, ila inatoka kwa vijisarafu na haiachi kitu nyuma. Kampuni za umeme za Marekani zilisema maneno hayohayo juu ya wakulima wao: hawatalipa, wametawanyika, waya hautarudisha gharama. Mwaka 1935, serikali ya Roosevelt ilipoanzisha wakala wa umeme wa vijijini, shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Wakulima waliunda vyama vyao, wakakopeshwa, wakalipa, na katika muda wa miaka ishirini hivi karibu mashamba yote yaliwaka. Nakubali tofauti: nyuma ya wakulima wale kulikuwa na hazina yenye mikopo nafuu, na Bafwasende haina hazina ya namna hiyo. Kwa hiyo sidai kwamba wakazi walipie bwawa na nguzo. Ujenzi ulipiwe na taifa au mfadhili, kama Tanzania ilivyofanya kwa tozo na bajeti kupitia wakala wake wa nishati vijijini. Ninachodai ni kwamba uendeshaji, yaani mshahara, grisi, fyuzi na waya wa akiba, ulipwe na anayewasha taa, bila kusamehewa hata mmoja.

Hoja ya pili ni ya kisasa zaidi: plaki za jua zimeshuka bei, kila mtu ajinunulie yake, mambo ya shirika yakome. Kwa nyumba iliyo peke yake msituni, Opienge au Bomili, siwezi kubishana. Jua ndilo jibu, na shirika lenye akili lingeuza na kutengeneza plaki hizo badala ya kuzikimbiza na nguzo. Lakini plaki ya nyumbani haisagi mahindi. Haipasui mbao, haichomelei chuma, haipozi chanjo za hospitali nzima katika wiki za mawingu ambazo msitu huu unazo nyingi. Na betri yake ikifa baada ya miaka michache, kila nyumba inarudi gizani kivyake, bila mtu wa kuuliza. Wapo pia wanaotaja Virunga: huko Kivu Kaskazini kampuni ya hifadhi ya taifa ilijenga Mutwanga, kisha Matebe mwaka 2015, na sasa inaangaza sehemu ya Goma. Kazi nzuri, na inaonyesha kwamba Mkongo hulipa umeme unaofika. Ila Virunga ilianza na misaada mikubwa na ina jiji mlangoni. Mwekezaji anayetafuta faida hatakuja Bafwasende kabla hajamaliza Butembo, Bunia na Kisangani, na kumngoja ni namna nyingine ya kungoja Inga.

Hoja inayonipa shida ni ya bunduki. Bafwasende ilikuwa mikononi mwa waasi wakati wa vita vya pili vya Kongo, na vikundi vyenye silaha, pamoja na dhahabu na almasi zinazovivuta, havijapata kuondoka kabisa katika misitu hii. Transfoma ina mafuta ya kuibiwa na shaba ya kuuzwa. Sina jibu la kuridhisha hapa, isipokuwa kwamba hatari hiyo inapendelea udogo. Kituo kidogo kilichoharibiwa kinarudishwa kwa fedha ndogo, na waya unaolindwa na walioulipia una macho mengi kuliko wa mali ya serikali. Vita vya Juni 2000 havikuuhurumia mji wa Kisangani kwa sababu kituo chake kilikuwa kikubwa.

Kazi ya kila siku ya shirika hilo haina mvuto wowote wa kuandikiwa hotuba, na labda ndiyo maana haizungumzwi. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, kwa hiyo kila transfoma inahitaji kizuia radi, na kila kizuia radi kinahitaji mtu wa kukikagua baada ya tufani. Miti hukua juu ya waya mwaka mzima. Anayefyeka lazima alipwe mwaka mzima. Nguzo za mbao huliwa na mchwa zisipotiwa dawa. Chujio la maji mtoni huziba majani na magogo kila mvua kubwa inaponyesha, na mtu lazima ashuke usiku huohuo. Mafundi wawili, karani mmoja, mlinzi mmoja, stoo yenye vipuri vya miezi sita: hizo ndizo gharama. Wateja wa kwanza wangekuwa hospitali, vinu vya kusagia, mafundi wa kuchomelea, na minara ya simu, ambayo inahitaji nguvu saa 24 na wenye nayo wana fedha za kuilipia. Nyumba zingefuata kwa mita za kulipia kabla, zile za kuingiza namba, ili asiwepo mdaiwa wa kusamehewa wala wa kukatiwa kwa chuki. Mita ya kwanza kabisa ningeifunga ofisini kwa msimamizi wa teritori, ya pili kambini, nazo ziwe za kulipia kabla kama za watu wote, maana deni lililoiua Tshopo kidogo kidogo halikuanzia kwa mama wa mihogo.